Dada yangu alipata kansa ya shingo ya kizazi, nataka niwaambie hela ilikuwa inaishia wapi

#1 MamaNasri_Mbezi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha miezi sasa, kila nikianza nalia nafunga simu, leo naandika mpaka mwisho hata ukiwa mrefu, naomba mnivumilie.

Mwaka jana mwezi wa tatu shemeji alinipigia kutoka Newala akasema dada yako damu haikatiki. Kumbe mambo yalianza zamani, alikuwa anaenda zahanati moja huko (sitaitaja), wanamwambia UTI, anapewa dawa, anarudi, UTI tena, miezi saba. Alipofika hospitali ya mkoa wakachukua kinyama (kipande kidogo cha nyama cha kwenda kupima), majibu yakaja kansa ya shingo ya kizazi, rufaa Ocean Road, hospitali ya kansa hapa Dar. Akaja kwangu Mbezi na mfuko mmoja wa nguo, watoto kawaacha kwa bibi yao, shemeji kabaki na korosho.

Ukoo ukafungua grupu la wasap siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza ikapatikana laki sita na arobaini, watu wakashukuru Mungu, grupu likanyamaza. Jamani, ile hela iliisha kabla dada hajalala hata siku moja kwenye mashine ya mionzi. Nauli ya basi ya watu wawili, vipimo vya damu, vya figo, siti skani, nauli za ndugu waliokuja kuchangia damu kwasababu damu ya dada ilikuwa imeshuka sana, pedi (alikuwa anabadilisha mpaka mara nane kwa siku), maziwa, matunda, vocha. Nikaandika kwenye grupu hela imeisha, kimya. Mjomba mmoja akauliza mbona imeisha haraka hivyo. Lile swali liliniuma wiki nzima, nilihisi ananiona mwizi.

Sasa sikilizeni, hapa ndo pa muhimu. Daktari alimpangia mionzi ya nje siku 25, jumatatu mpaka ijumaa, wiki tano, kemo (dawa za kuua kansa) mara moja kila wiki, halafu mionzi ya ndani mara tatu. Na akasema yote inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, ukikatisha katikati nguvu ya tiba inapungua. Kutoka kwangu ni daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Kivukoni, halafu bajaji kwasababu kutembea alikuwa hawezi. Watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa inatutoka kama elfu nane kwa siku. Zidisheni mara 25, ni laki mbili ya nauli tu. Na mimi nauza chapati asubuhi, faida yangu ni kama elfu kumi na mbili kwa siku, siku 25 sijawasha jiko, hiyo laki tatu nyingine imeondoka na hakuna mtu aliyeiona kwasababu haikutoka mfukoni mwa mtu, haikuingia tu. Watu wanahesabu dawa, hawahesabu mtu anayeuguza.

Nikaenda kukopa kausha damu laki mbili. Wanaoijua wanajua. Marejesho kila siku, wanakuja mpaka mlangoni, na ndani kuna mgonjwa anasikia kila kitu. Dada usiku akaniambia nirudishe tu Newala nikafie kwetu, nakumaliza mdogo wangu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa genge tuko nae kikoba. Alikuja kutuangalia akakuta nimekaa nje nalia. Akasema, hivi nyie, mtoto wa mtu akiolewa tunaunda kamati, tuna mwenyekiti, tuna mweka hazina, tuna vikao kila jumapili, ahadi zinaandikwa na mtu anakumbushwa mpaka anatoa, mgonjwa mbona tunamtupia hela mara moja tunaondoka? Jumapili ile ile akakusanya watu 12, wengine hata siyo ndugu, kila mmoja akaahidi elfu tano kwa wiki kwa wiki nane. Elfu sitini kila wiki. Arobaini nauli, ishirini chakula. Hakuna aliyetoa hela kubwa hapo, lakini kila jumatatu asubuhi nilikuwa najua tunaenda. Halafu wakapanga zamu ya kumsindikiza, mimi siku tatu, wengine siku mbili, hizo siku mbili nauza chapati zangu.

Na kulikuwa na jambo la aibu ambalo mwanzoni sikuweza kumwambia mtu. Harufu. Hii kansa inatoa uchafu na una harufu, dada alikuwa anakaa kona ya mwisho ya benchi, anajifunga kanga mbili, kwenye mwendokasi mtu akisogea tu anajua anakimbiwa. Chakula alikuwa anakula peke yake chumbani. Siku moja yule mama wa genge akaingia na sahani yake akakaa nae mkekani, wakala mkono mmoja sahani moja, hakusema kitu. Dada alilia siku ile kuliko siku ya majibu.

Alimaliza siku zote 25 na ya ndani tatu. Sa hivi yuko Newala, anakuja kliniki kuangaliwa. Lakini kwenye benchi tulikuwa tunakaa na mama mmoja kutoka mbali, alikuwa kapanga chumba Buguruni, akaishia siku ya 11. Hela ya kulala na nauli iliisha. Hatukumuona tena, namba yake haipatikani mpaka leo. Kwa ajili yake ndo naandika hivi.

#2 Kimbunga_wa_Ilala

Pole sana dada. Nimesoma mpaka mwisho. Hilo la mwenye kuuguza kukosa riziki yake nimelipitia kwa baba, nikafukuzwa kazi kabisa.

#3 FundiWaTandika

Dada MamaNasri Mungu akulipe. Mimi mama yangu ana miaka 58, ana uvimbe kwenye titi tangu mwaka jana, juzi daktari kasema lazima wachukue kinyama. Baba mdogo na shangazi wamekuja juu wanasema kansa ikiguswa na chuma ndo inasambaa, wanataka apelekwe kwa mtaalam wa kienyeji huko Bagamoyo. Mimi ni fundi wa friji, hela ya kueleweka sina, bima hana. Naombeni mnieleze mnaanzia wapi maana kichwa kimesimama.

#4 NesiMstaafu

Mwanangu fundi, nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, nisikilize kama mama yako.

Kuchukua kinyama hakusambazi kansa. Kinachowafanya watu waone hivyo ni kwamba wanachelewa sana, wanakuja uvimbe umeshakuwa kidonda, wanachukuliwa kinyama, baada ya miezi miwili wanafariki, basi ndugu wanasema ni kile kisu. Bila kinyama daktari hajui ni kansa au siyo, na kama ni kansa hajui ni ya aina gani, na dawa ya titi inategemea aina. Wapo wengi wanaoambiwa majibu kwamba siyo kansa wanarudi nyumbani wanacheka. Usimnyime mama hiyo nafasi.

Baba mdogo na shangazi usigombane nao. Nenda nao. Mmoja wao aingie na mama kwa daktari asikie kwa masikio yake, mtu akishaingia kile chumba anabadilika. Na kama mama anataka maombi aombewe, anataka dua asomewe, hiyo haigombani na tiba. Kinachogombana na tiba ni kuambiwa aache dawa, au kunyweshwa vitu ambavyo hakuna anayejua vina nini wakati yuko kwenye kemo, figo na ini zinaweza kuumia.

Watu wanaogopa jina la Ocean Road, wanasema ukienda kule hurudi. Yale majengo ni ya zamani sana, Mjerumani aliyafungua 1897, na taasisi ya saratani yenyewe iliundwa kwa sheria 1996. Kwa hiyo vizazi na vizazi wamesikia habari za waliopelekwa wamechelewa. Waliopona hawasimulii, wamerudi kulima. Dada wa MamaNasri yuko Newala, hebu fikiria kule wangapi wanajua alikuwa na kansa?

#5 MamaNasri_Mbezi

Asante sana mama nesi. Na kweli, Newala tumewaambia wachache tu.

Fundi, la hela: nenda serikali ya mtaa wenu, waombe barua ya utambulisho inayoeleza hali ya kipato cha mama, ipigwe muhuri. Hiyo barua unaenda nayo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali unayotibiwa. Watakuuliza maswali mengi, nani anamtunza, nyumba ni ya nani, una watoto wangapi, usione kama wanakudharau, ndo kazi yao, wakiridhika mgonjwa anaweza kupewa msamaha wa gharama au kupunguziwa. Mimi niliijua hii wiki ya tatu! Nilikuwa napita mlango ule kila siku naona kibao USTAWI WA JAMII nikajua ni wa kesi za ndoa na watoto.

Nenda mwanzoni, usingoje mpaka ushakopa. Na usiuze kitu chochote kabla hujaongea nao. Sisi shemeji alishauza mikorosho ya mbele ya nyumba, ile inayozaa vizuri.

#6 Baba_wawili_Kigamboni

Mimi ni mwanaume nitaongea upande ambao wanaume hatuongei.

Mke wangu alitolewa titi la kushoto miaka minne iliyopita. Hela tulihangaika tukapata, mimi niliona nimemaliza wajibu wangu, nalipa, namuendesha kwenye pantoni, nampeleka, namrudisha. Lakini nyumbani nilikuwa simuangalii. Siyo kwamba namchukia, naogopa, nikimuona anabadilisha nguo natoka nje najifanya napokea simu. Yeye akachukulia namuona siyo mwanamke tena. Akaanza kulala na watoto. Miezi mitano hivi tulikuwa tunaongea habari za dawa na ada tu.

Siku moja nikamkuta anashona. Kakata kitambaa cha shuka, anajaza pamba na mchele kidogo ndani ili kiwe kizito kama titi lingine, kwasababu nguo zilikuwa zinaelea upande mmoja na kwenye harusi watu wanaangalia. Kaka zangu, nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia nifundishe na mimi nishone. Nikashona kibaya sana lakini ndo alichovaa kwenda kanisani jumapili ile. Usiku nikamuomba anioneshe kovu, tukalia wote wawili, basi, ndoa ikarudi.

Kama mkeo anaumwa usidhani hela yako inaongea kwa niaba yako. Hapana. Mguse. Kaa nae. Muulize anaogopa nini, na wewe sema unaogopa nini, mimi niliposema naogopa utaniacha na hawa watoto ndo akajua nampenda.

#7 Shangazi_Magomeni

Baba wawili Allah akuzidishie. Mimi ndoa yangu iliishia kwenye kemo ya nne. Mume alisema kansa ya kizazi wanapata wanawake wasiotulia. Niliolewa nikiwa sijamjua mwanaume mwingine. Nabeba hilo neno mpaka leo kuliko hata ugonjwa.

#8 NesiMstaafu

Shangazi pole sana, na hilo neno litue leo. Kansa ya shingo ya kizazi karibu yote inatokana na kirusi kinaitwa HPV, aina mbili, ya 16 na ya 18, ndo zinasababisha kama asilimia 70. Kirusi hiki ni cha kawaida mno, watu wengi waliowahi kukutana kimwili wanakipata wakati fulani, mwanamke mwenye mume mmoja anaweza kukipata kwa mume wake huyo huyo. Wengi mwili unakitoa wenyewe, wachache kinabaki miaka mingi kimya ndo kinageuka kansa. Siyo hukumu ya tabia ya mtu. Ndo maana serikali ilianza kuchanja wasichana nchi nzima 2018, na ndo maana tunasema wanawake mkapime, kipimo chenyewe wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi wanaangalia kama inabadilika rangi, dakika chache umemaliza.

#9 Chalii_wa_Sinza

Naomba niulize bila kumuumiza mtu. Hii michango si ndo watu wanakula? Kuna jamaa mtaani tulimchangia mama yake, baadae tukasikia katengeneza bodaboda. Toka hapo mimi na michango ya wagonjwa basi.

#10 MamaNasri_Mbezi

Sijaumia kaka, mimi mwenyewe nilishukiwa. Nikwambie tulivyofanya ile mara ya pili. Anayepokea hela hakuwa mimi, alikuwa yule mama wa genge, kwasababu anayeuguza hana akili ya kuandika hesabu. Ana daftari la mistari, kila ijumaa anapiga picha ukurasa anatuma kwenye grupu: nauli kiasi hiki, pedi kiasi hiki, imebaki kiasi hiki. Risiti ya hospitali inapigwa picha. Hela ikizidi inakaa wiki ijayo. Mjomba aliyeniuliza mbona imeisha, alipoona daftari wiki mbili mfululizo akaanza kutuma elfu kumi badala ya tano, na hakuna aliyemuomba.

Lakini kaka na hilo la bodaboda ulilichunguza? Mtu ameuza kila kitu kumuuguza mama yake miezi sita, akitengeneza pikipiki ili apate nauli ya kumpeleka kliniki, mimi siwezi kumhukumu.

#11 Chalii_wa_Sinza

Sikulichunguza dada. Nimekuelewa. Nitamtafuta.

#12 MamaK_Temeke

Kwa wenye watoto wadogo niseme. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, tukaona kwenye picha za simu jicho moja linang'aa weupe kama la paka. Tukachelewa tukidhani ni kamera. Ilikuwa kansa ya jicho. Watoto wanatibiwa Muhimbili, pale kuna shirika la Tumaini la Maisha wanashirikiana na hospitali, sisi tiba ya kansa ya mtoto hatukulipa, na wanaotoka mikoani wanasaidiwa pa kukaa wao na mzazi. Wodini wana mahali pa kucheza, wana mwalimu. Mwanangu aliondolewa jicho, sa hivi yuko darasa la kwanza anasoma kuliko mimi. Mkiona weupe kwenye mboni ya mtoto, au uvimbe wa taya unaokua haraka, msisubiri mwisho wa mwezi.

Kilichonitesa mimi siyo hela ilikuwa watoto wengine wawili nyumbani. Yule wa kwanza alianza kujikojolea, mwalimu akaniambia hasemi na mtu. Alidhani mdogo wake kaumwa kwasababu alimsukuma. Miezi miwili anabeba hilo peke yake! Waambieni watoto ukweli, kwa maneno yao.

#13 Rehema_wa_Chuo

Rafiki yangu hosteli kaambiwa ana kansa ya damu, ana miaka 22. Nikienda kumuona sijui niseme nini, naishia kusema utapona tu usijali, naona anageuka ukutani. Nakosea wapi?

#14 Shangazi_Magomeni

Mwanangu hujakosea, unampenda ndo maana unahangaika na neno. Lakini ukisema utapona tu usijali, unakuwa umemfunga mdomo, anaona akisema naogopa atakuvunja moyo. Mimi waliokuja kunisimulia habari za jirani yao aliyekufa kwa kansa niliwaogopa, waliokuja kuniambia nina imani ndogo niliwaogopa zaidi. Niliyempenda ni binti mmoja wa jirani alikuwa anakuja saa kumi anasuka ukili pembeni yangu, nikitaka kuongea tunaongea, nikinyamaza ananyamaza, saa kumi na mbili anaondoka anasema kesho shangazi. Na kesho anakuja kweli. Nywele zilipoanza kutoka ndo yeye alininyoa.

Nenda na umbea wa chuo. Yeye bado ni mwanafunzi mwenzenu. Mpelekee notsi.

#15 NesiMstaafu

Niongeze mawili halafu nilale. La kwanza, mgonjwa wa kemo akipata homa, hata usiku, hata kama anasema niko sawa, msimpe panado mkasubiri asubuhi. Chembe za damu za kupigana na magonjwa zinakuwa zimeshuka, homa ndogo inaweza kumuua kwa siku moja. Joto likifika 38 hospitali. Kwa hiyo kwenye ile hela ya wiki tengeni ya bajaji ya usiku isiyoguswa.

La pili, maumivu. Nimeona watu wakiumia hadi mwisho kwasababu ndugu wanaogopa mofini, wanasema atakuwa teja, au wanasema ukipewa mofini ndo unaagwa. Mofini ya maji ni dawa ya maumivu, mgonjwa wa kansa akiinywa kwa saa kama alivyoandikiwa anapata usingizi, anakula, anaongea na watoto wake. Choo kitakuwa kigumu, ombeni na dawa ya kulainisha. Na ile harufu aliyosema MamaNasri ina dawa pia, vidonge vinasagwa vinawekwa kwenye kidonda, mwambieni daktari msione haya. Uliza watu wa tiba shufaa, wale wanaoshughulika na kumpunguzia mgonjwa maumivu. Hata ambaye hataweza kupona ana haki ya kutoumia.

Na mlioko Kanda ya Ziwa, Bugando Mwanza wana mionzi, ulizeni rufaa ya huko kwanza kabla hamjauza ng'ombe kuja Dar. Kulala mbali na kwenu ndo gharama yenyewe.

#16 FundiWaTandika

Wakuu narudi. Leo nimeenda serikali ya mtaa asubuhi, mjumbe kanisindikiza, barua nimepata. Shangazi nimemuomba aje aingie na mama kwa daktari, mwanzo alikataa, nikamsomea alichoandika mama nesi kuhusu kinyama, akanyamaza muda, akasema nitakuja lakini nitauliza maswali yangu. Nikamwambia uliza yote.

Kijiweni tuko mafundi nane, nimewaeleza kila mmoja kasema elfu tatu kwa wiki, daftari anashika mzee wa kuchaji betri, yeye hata soda ya mtu hagusi. Elfu ishirini na nne. Kutoka Tandika inatosha nauli.

Mama nilimuuliza jana usiku anaogopa nini. Nilidhani atasema kufa. Akasema anaogopa kuvua nguo mbele ya daktari mwanaume. Kumbe mwaka mzima alikuwa anakataa hospitali kwa ajili hiyo na sisi tunagombana na baba mdogo.

#17 NesiMstaafu

Mwambie aombe nesi wa kike awepo ndani, anaruhusiwa. Saa ngapi mnaondoka?

#18 FundiWaTandika

Saa kumi na moja alfajiri mama. Shangazi kashakuja kulala hapa, anapika uji wa kubeba.